Kwenu mnaogawana wizara: anzeni na bajeti

Waheshimiwa viongozi wa vyama,

Kura zimehesabiwa, matokeo yametangazwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyevuka nusu ya viti. Nchi yenu siitaji, maana barua hii ingeweza kupelekwa kwenye mabunge kadhaa na kila mara ikamfikia mwenyewe. Mimi ni mpiga kura. Sina kadi ya chama, sina jimbo ninalolinyemelea, na sisubiri uteuzi wowote.

Habari zinazotufikia kutoka kwenye vikao vyenu ni za nani apewe fedha, nani apewe mambo ya ndani, nani awe naibu wa nani. Mmeshaanza kugawana wizara. Naomba msimame hapo kidogo. Ukizifuatilia serikali za mseto zilizovunjika mapema, utakuta mara nyingi chanzo ni bajeti, na utakuta walioiunda serikali hawakuwahi kuandika popote watafanya nini siku watakapokosa kuelewana juu ya fedha. Hilo ndilo neno langu kwenu: kubalianeni kwanza juu ya bajeti na juu ya namna ya kugombana. Wizara zitasubiri.

Kabla ya hapo, tumalize suala la mshindi, kwa sababu linawapotezea muda. Aliyepata viti vingi anatembea kifua mbele akisema wananchi wamempa ridhaa ya kuongoza. Wamempa viti vingi kuliko wenzake, basi. Katika mfumo wa bunge, anayetawala ni yule ambaye bunge haliwezi kumwangusha. New Zealand mwaka 2017 chama cha National kilipata viti 56 kati ya 120, kikawa cha kwanza kwa mbali. Labour walikuwa na 46. New Zealand First ya Winston Peters ilikuwa na 9, na baada ya wiki kadhaa za mazungumzo Peters akaenda na Labour, Greens wakawaunga mkono kwa viti vyao 8, na National wakahamia upinzani wakiwa bado ndicho chama kikubwa kuliko vyote bungeni. Lesotho mwaka 2012 chama cha Pakalitha Mosisili, waziri mkuu wa wakati huo, kilipata viti 48 na kuongoza. Waliokifuata walikuwa na 30, 26 na 5. Jumlisha: 61 kati ya 120. Thomas Thabane akawa waziri mkuu kwa kiti kimoja cha ziada.

Kwa hiyo, mheshimiwa wa kwanza, una haki ya kuanza kujaribu. Huna haki ya kulalamika umeibiwa iwapo wengine watajumlisha vizuri kuliko wewe.

Na ninyi wadogo, msilewe. Tuseme bunge lina viti 100: mmoja ana 48, mwingine 43, wa tatu 9. Yeyote kati yao akiungana na mwingine yeyote, wanapata wingi. Maana yake mwenye viti 9 ana uzito sawasawa na mwenye 48 pale mezani, hata kama uwanjani alijaza nusu ya jukwaa. Wadogo wanalijua hili, ndiyo maana sauti zao zimenenepa tangu matokeo yatoke. Wasichokumbuka ni kwamba uzito huo unadumu kwa sharti moja, nalo ni kwamba wale wawili wakubwa wasishikane mikono. Wakiamua kutawala pamoja, kama Wajerumani walivyofanya mara kadhaa, mwenye viti 9 anabaki na viti 9.

Sasa niwapeleke Ghana, kwa sababu hakuna mahali palipoonyesha kwa ukaribu zaidi jinsi bunge lililogawanyika linavyofanya kazi, au linavyokwama. Najua Ghana ina rais anayechaguliwa moja kwa moja, na serikali haikuhitaji kuundwa mezani. Lakini sheria na bajeti zilihitaji kura bungeni kama kwenu. Uchaguzi wa Desemba 2020 uliwapa NPP, chama cha rais, viti 137 na NDC, chama cha upinzani, viti 137. Mbunge mmoja alikuwa huru, naye akakaa upande wa NPP. Jumla 275. Usiku wa kumchagua Spika, Januari 2021, mbunge mmoja alinyakua karatasi za kura akakimbia nazo, na askari wakaingia ukumbini. Asubuhi kiti cha Spika kikawa cha Alban Bagbin wa NDC.

Halafu ikaja bajeti ya mwaka 2022, ndani yake kukiwa na tozo ya miamala ya simu ya asilimia 1.75. Tarehe 26 Novemba 2021 wabunge wa upande wa serikali walitoka nje ya ukumbi kwa kususa. Waliobaki wakapiga kura, bajeti ikakataliwa. Siku nne baadaye Spika hakuwepo, kiti kikakaliwa na naibu wake anayetoka chama tawala, wapinzani nao hawakuwamo ukumbini, na wabunge 138 wakafuta uamuzi wa kwanza na kuipitisha bajeti. Hao 138 walipatikana kwa kumhesabu na aliyekalia kiti. Je, anayeongoza kikao anahesabiwa? Katiba ya Ghana inasema Spika hana kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Kuhusu naibu wake, kila upande ulisoma unavyotaka. Mwezi Desemba, ulipofika muswada wa tozo yenyewe, naibu huyo alipotaka kushuka kitini ili naye apige kura, wabunge walishikana mashati na ngumi zikarushwa usiku mbele ya kamera. Mahakama ya Juu ilitoa jibu Machi 2022: naibu anayeongoza kikao anaweza kupiga kura. Mwisho wa mwezi huo tozo ikapita, ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 1.5, wapinzani wakiwa wametoka nje. Mwaka 2025, chini ya serikali nyingine, ikafutwa.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Mambo mawili yaliyowaumiza, kura ya anayekalia kiti na nguvu ya kususia kikao, ni mambo ambayo watu wazima wanaweza kuyamaliza kwa jioni moja, kabla hakijatokea kitu cha kugombania. Yakiachwa mpaka siku ya bajeti, kila tafsiri ya kanuni inakuwa na bei.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenu si waziri wa fedha ni nani. Ni Spika anatoka wapi, na kura yake inahesabiwa vipi. Katika bunge la wingi wa kiti kimoja, chama kinachomtoa Spika kinaweza kuwa kimejinyang'anya ushindi. Uswidi, kati ya mwaka 1973 na 1976, walikuwa na bunge la viti 350 lililogawanyika 175 kwa 175, na kura zilipolingana waliamua kwa bahati nasibu. Hawakufanya mzaha, ndivyo kanuni zilivyosema. Wakaja wakapunguza kiti kimoja, na hadi leo lina viti 349. Ni dawa rahisi kuliko zote ninazozijua katika siasa, na nashangaa wachache wameiiga.

Turudi mezani. Mnazungumza kana kwamba kuna njia mbili tu, kuingia serikalini au kukaa upinzani. Katikati yake pana nafasi kubwa. Chama kinaweza kukaa nje ya serikali na kuahidi mambo mawili pekee: kupiga kura ya imani na kupitisha bajeti, huku kikibaki huru kwa mengine yote. Uingereza mwaka 2017 waziri mkuu Theresa May alipokosa wingi, DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini chenye wabunge 10, waliingia mkataba wa namna hiyo, na Ireland ya Kaskazini ikapata ahadi ya pauni bilioni 1 ya nyongeza. Wakosoaji waliuita rushwa. Mimi nasema angalau karatasi ilichapishwa na kila mtu akaisoma, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa makubaliano mengi ya wanasiasa. New Zealand walikwenda mbali zaidi: mwaka 2005 Peters huyo huyo alikuwa waziri wa mambo ya nje bila kuwa mjumbe wa baraza la mawaziri, akibanwa na msimamo wa pamoja wa serikali kwenye mambo ya wizara yake tu. Inaonekana ajabu, lakini serikali ile ilimaliza muhula wake.

Uswidi tena: huko waziri mkuu mteule hahitaji wengi wamuunge mkono, anahitaji wengi wasimkatae. Januari 2019 Stefan Löfven alipita kwa kura 115 za ndiyo dhidi ya 153 za hapana, kwa sababu 77 hawakuegemea upande wowote na idadi ya hapana haikufika 175. Kama katiba yenu inaruhusu hivyo, kaeni na chama kile kinachosema "hatuwezi kuwaunga mkono hadharani" mkiulize swali lingine: mnaweza kunyamaza?

Lakini mkataba wowote mtakaouchagua, bajeti itaupima. Angalieni Ureno. Mwaka 2015 muungano uliokuwa madarakani uliongoza uchaguzi bila wingi, ukaunda serikali, na serikali hiyo ikaangushwa bungeni baada ya siku 11. António Costa wa Wasoshalisti, aliyekuwa wa pili akiwa na viti 86 kati ya 230, alisaini karatasi mbalimbali na vyama vya mkono wa kushoto, kila kimoja na yake, na hakuna hata kimoja kilichopewa wizara. Watu waliucheka mpango ule wakasema hautamaliza hata mwaka. Ulimaliza miaka minne kamili, bajeti zote zikapita. Baada ya uchaguzi wa 2019 Costa akaendelea bila karatasi. Oktoba 2021 wale wale waliomshika mkono waliikataa bajeti yake, bunge likavunjwa, na wapiga kura wakampa Costa wingi peke yake. Bloku ya Kushoto, iliyokuwa na wabunge 19, ikarudi na 5. Nadhani kila kiongozi wa chama kidogo angefaa kubandika takwimu hiyo mlangoni mwa ofisi yake.

Ufaransa, Desemba 2024: waziri mkuu Michel Barnier aliangushwa kwa kura 331 juu ya bajeti ya hifadhi ya jamii, akiwa ofisini kwa miezi mitatu, serikali ya kwanza kuanguka kwa hoja ya kutokuwa na imani tangu 1962. Ujerumani, mwezi mmoja kabla yake: vyama vitatu vyenye mkataba wa kurasa zaidi ya 170 vilisambaratika, Kansela Olaf Scholz akamfukuza waziri wake wa fedha Christian Lindner. Kurasa zote zile zilijengwa juu ya fedha ambazo Mahakama ya Katiba ilikuja kuzifuta Novemba 2023, euro bilioni 60 kwa mkupuo mmoja, na hapakuwa na ukurasa unaosema tukikosa fedha tunaanza kukata wapi. Unene wa mkataba haukuwasaidia.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Israeli, kwa sababu pale ulaghai ulikuwa ndani ya karatasi yenyewe. Aprili 2020, baada ya chaguzi tatu ndani ya mwaka mmoja, Benjamin Netanyahu na Benny Gantz walisaini mkataba wa kupokezana uwaziri mkuu: wa kwanza aanze, wa pili achukue zamu yake Novemba 2021. Waliandika vifungu vingi vya kumzuia Netanyahu asigeuke. Lakini sheria ya nchi inasema bajeti isipopita kwa wakati bunge linavunjika lenyewe, na katika hali hiyo Gantz hakuwa na kinga. Wakavutana kama bajeti iwe ya mwaka mmoja au miwili. Ilipofika usiku wa manane Desemba 2020, bila bajeti, bunge likavunjika. Zamu ya Gantz haikufika kamwe. Watu waliosaini kupokezana miaka ya nyuma, Shimon Peres na Yitzhak Shamir, walikuwa wamepokezana kweli mwaka 1986. Kwa hiyo kupokezana kunawezekana. Ninachosema ni kwamba ukiahidiwa zamu ya pili, hakikisha mwenye zamu ya kwanza hana mlango wa kutokea, na mlango wa kwanza wa kuutazama ni ule wa bajeti.

Afrika Kusini ndiko ninakoona somo lililo hai zaidi. Mei 2024 ANC ilipata viti 159 kati ya 400, mara ya kwanza kukosa wingi tangu 1994. Katiba yao inalitaka bunge jipya likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, na kikao hicho cha kwanza ndicho kinachomchagua rais, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuzungushana miezi. Tarehe 14 Juni walisaini tamko la nia ya kutawala pamoja, na siku hiyo hiyo Cyril Ramaphosa akachaguliwa tena kwa kura za ANC, DA, chama kilichokuwa kikuu cha upinzani, chenye viti 87, na wengine. Tamko lilikuwa na kifungu kizuri: pakikosekana muafaka, uamuzi utahesabiwa kuwa na ridhaa ya kutosha iwapo unaungwa mkono na vyama vya mseto vinavyowakilisha asilimia 60 ya viti vya bunge. ANC na DA kwa pamoja ni 246, yaani asilimia 61 na ushee. Wote wawili walijua maana yake: mmoja akijitoa, asilimia 60 haipatikani.

Kisha ikafika 19 Februari 2025, siku ya hotuba ya bajeti. Wabunge wamekaa, wageni wamealikwa, waandishi wamefungiwa na nyaraka kama ilivyo desturi, na hotuba ikaahirishwa. Waziri wa fedha alitaka kodi ya ongezeko la thamani ipande kutoka asilimia 15 hadi 17, na washirika wakakataa mwishoni kabisa, kwenye baraza la mawaziri. Haijapata kutokea tangu 1994. Machi bajeti ikarudi na ongezeko dogo zaidi, nusu asilimia mwaka huo na nusu nyingine mwaka unaofuata. Tarehe 2 Aprili mfumo wa bajeti, yaani makadirio ya jumla ya mapato na matumizi, ukapita kwa kura 194 dhidi ya 182, na DA, chama chenye mawaziri 6 ndani ya serikali hiyo hiyo, kikapiga kura ya hapana, kisha kikaenda mahakamani. Kabla mwezi haujaisha ongezeko likaondolewa, na Mei waziri akasoma bajeti ya tatu.

Jiulizeni kile kifungu cha asilimia 60 kilikuwa wapi siku hizo zote. Kilikuwepo kwenye karatasi. Hakikuwa na ratiba. Hakikusema rasimu ya bajeti ifike kwa washirika lini, nani aite kikao pakitokea mvutano, na je, waziri wa chama kilichopinga anabaki kazini? Serikali ile haikuvunjika, na nawapa heshima yao kwa hilo. Lakini wananchi walikaa zaidi ya miezi miwili hawajui dukani wataongezewa nini.

Nanyi mnaosoma Kiswahili bila shaka mnakumbuka serikali ya nusu mkate ya Kenya. Haikutokana na mazungumzo ya kawaida ya bunge, ilitokana na uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyofuata, na Mwai Kibaki na Raila Odinga walisaini Februari 2008 mbele ya Kofi Annan. Baraza likawa na mawaziri wapatao 40, maana kila upande ulihitaji kipande chake. Sheria iliyofuata ilisema waziri wa chama mshirika hawezi kuondolewa bila kiongozi wa chama chake kukubali kwa maandishi. Vizuri. Februari 2010 Odinga, akiwa waziri mkuu, akatangaza kuwasimamisha kazi kwa muda mawaziri wawili, wa kilimo na wa elimu, ili uchunguzi upite. Siku hiyo hiyo Kibaki akatengua: huna mamlaka hayo. Kuondoa kulikuwa kumeandikwa, kusimamisha kwa muda hakukuandikwa, na pengo hilo dogo likaifanya ODM, chama cha Odinga, isusie vikao vya baraza na kuomba wapatanishi warudi.

Hivyo basi, pale mezani, mpeni mtu mmoja mwenye roho mbaya kazi ya kuuliza maswali mabaya. Waziri wako akikamatwa, nani anamsimamisha? Mbunge wangu akihama chama, anakwenda na wizara? Wabunge wako watatu wakiasi kwenye bajeti, huo ni uvunjaji wa mkataba au ni ajali? Waziri mkuu akifa, chama gani kinatoa mrithi? Tukiwa na jambo ambalo hatutakubaliana kamwe, na kila mseto unalo, tunaruhusiana kulipinga hadharani? New Zealand wana kifungu cha kukubali kutokubaliana: chama mshirika kinaweza kusimama bungeni na kusema hili sisi hatulitaki, kwa utaratibu uliopangwa, na serikali ikaendelea kuwepo. Kifungu cha aina hiyo ni bora kuliko umoja wa kuigiza mbele ya kamera.

Ila kifungu peke yake hakitoshi kama hakitumiki. Liberal Democrats wa Uingereza waliingia serikalini mwaka 2010 wakiwa na wabunge 57, baada ya wagombea wao kusaini ahadi ya kupinga ongezeko la ada za vyuo vikuu. Mkataba wa mseto uliwaruhusu wasipige kura jambo hilo likija. Lilipokuja, Desemba mwaka huo, ada ya juu ikipandishwa hadi pauni 9,000, mawaziri wao walipiga kura ya ndiyo, wabunge wengine wa chama wakapinga, wengine hawakupiga. Uchaguzi uliofuata walirudi 8. Mlango ulikuwa wazi, wao wakapita dirishani.

Kuhusu muda, sitasema mengi. Wabelgiji walikaa siku 541 bila serikali kamili, 2010 hadi 2011, na serikali ya mpito iliongoza zamu ya Umoja wa Ulaya na kupeleka ndege Libya. Wapo wanaoutumia mfano huo kusema serikali haina maana. Ubelgiji ina serikali za mikoa na jumuiya zinazoendesha shule na mengi ya kila siku, kwenu msijaribu. Bulgaria ilipiga kura mara 7 kati ya Aprili 2021 na Oktoba 2024 na kila mara ikarudi na bunge la vipande. Kwa hiyo anayewaambia "turudini kwa wananchi watuamulie" mwulizeni nini kitakuwa kimebadilika. Tumeshaamua. Tumewaambia mzungumze.

Hispania ina saa iliyoandikwa kwenye katiba, miezi miwili kuanzia kura ya kwanza ya kumthibitisha mgombea, na Uswidi humpa Spika majaribio manne ya kumpendekeza waziri mkuu, yakiisha ni uchaguzi. Kama katiba yenu haina saa, wekeni yenu kwa hiari na mtutangazie. Katika kipindi hicho serikali iliyopo isisaini mikataba mikubwa wala kuajiri wakubwa wapya. Hili nalo liwe kwa maandishi, tena kwa sahihi ya anayeondoka.

Nimalizie na wabunge wa kawaida, ambao katika hesabu zenu wamekuwa tarakimu. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan huko Uingereza ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310. Mbunge wake mmoja, Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi huko Yorkshire. Waliamua kutomsafirisha. Alifariki siku chache baadaye. Jioni ile ile mbunge wa Ireland ya Kaskazini, Frank Maguire, alisafiri hadi London kwa ajili ya kukaa pale na kutopiga kura. Wingi wa kiti kimoja maana yake ni hiyo: homa ya mtu, ndege iliyochelewa, msiba kijijini. Wanadhimu wenu, yaani wasimamizi wa kura za wabunge wa kila chama, wakubaliane leo kwamba mbunge mgonjwa wa upande mmoja ataachiwa nafasi na mbunge mzima wa upande wa pili kutopiga kura. Jambo hili lipo katika mabunge mengi, halihitaji sheria, linahitaji wanadhimu wawili wanaoaminiana. Na wabunge huru wasiitwe kimyakimya usiku hotelini. Waitwe mchana, waseme wanataka nini, na iandikwe.

Kwa ufupi wa maombi: tuleteeni rasimu ya mkataba kabla hamjaisaini, tuisome kwa siku chache, wanachama wenu nao wapewe nafasi ya kuikubali au kuikataa kama chama cha SPD cha Ujerumani kilivyowapigisha kura wanachama wake mwaka 2018. Ukurasa wa kwanza uwe na makadirio ya mapato, kodi zipi hazitapanda, matumizi gani yatakatwa fedha zikipungua, na tarehe ambayo rasimu ya bajeti itawafikia washirika wote. Wa pili uwe wa migogoro. Majina ya mawaziri mnaweza kuyaweka nyuma kabisa, kwenye kiambatisho.

Wenu,
Mpiga kura